Namba Nane Kwenye Kanzu ya Mkwe

Shida zangu zilianza mwaka 1940, nikiwa na miaka kumi na moja, pale Mbwawa, baba alipokufa kwa homa na mama akamfuata kabla mahindi ya mwaka ule hayajakomaa, nami nikachukuliwa na shangazi yangu Bi Tatu hadi Kisarawe nikiwa na shati moja ambalo mgongo wake ulikuwa umeshakwisha. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba aibu mimi nazifahamu. Nimelala njaa, nimevaa gunia, nimeacha shule darasa la pili kwa kukosa kaptura. Zote hizo hazinipi joto masikioni. Inayonipa joto masikioni hadi leo, uzee wote huu, ni aibu ya siku ya maulidi kule Marui, na hiyo sikufanyiwa na mtu. Niliitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu miwili, kwa miezi minne, halafu nikaipakia kwenye baiskeli nikaipeleka.

Ilikuwa 1950. Nilikuwa mfagizi wa ofisi bomani Kisarawe, kijana wa miaka ishirini na mmoja, nina baiskeli ya mkono wa tatu na kiburi cha mkono wa kwanza. Nikamwona Mwajuma binti Kondo, msichana wa Marui, alipokuja kumwuguza dada yake mtaani kwetu, na tangu siku hiyo sikutulia. Nikifagia naacha vumbi, nikila nasahau chumvi, usiku najigeuza hadi kamba za kitanda zinalia. Bi Tatu akachoka, akafunga kanga mbili, akaenda Marui kuniposea.

Akarudi na jibu la baba yake, Mzee Kondo, mkulima wa mihogo na mikorosho, mtu wa maneno machache na yote mazito. Bi Tatu alinisimulia hivi hivi alivyosema:

"Kijana wenu nimemsikia. Lakini fagio ni la Serikali, ofisi ni ya Serikali, hata vumbi analolifagia ni la Serikali. Wakimnyang'anya fagio atabaki na nini? Mwambie aniletee kitu alichokitengeneza yeye kwa mikono yake. Nikikalie, nikione, ndipo nitajibu."

Sasa mimi nilikuwa najua kutengeneza nini? Sikujua kuchonga, sikujua kusuka, jembe nilikuwa nalikimbia. Nilichojua ni kushona viraka, maana nimekua nikishona shati lile lile (ukilishona shati miaka mitano, mwishoni linabaki jina tu, nguo ni viraka).

Mkabala na boma palikuwa na duka la Mhindi mmoja, na mkewe, tukimwita Mama Shirini, alikuwa anakaa barazani kila alasiri anashona mfarishi. Asiyeujua mfarishi nimweleze: ni tandiko nene, juu vipande vipande vya nguo vilivyoungwa, chini kitambaa kizima, katikati sufi, kisha unapitisha mishono ya mistari ili sufi isikimbilie pembeni. Nilikuwa nikipita na fagio naangalia. Siku moja nikaingia barazani, nikapiga magoti.

"Mama Shirini, nifundishe."

"Wewe mwanamume, unataka mfarishi wa nini?"

"Nataka mke."

Akacheka hadi sindano ikamdondoka. Lakini akanifundisha. Akanionyesha kukata miraba ya karatasi, kuikunjia kitambaa juu yake ili pembe zitoke sawa, kuunga, halafu kuzitoa karatasi zote. Akanionyesha kuchora mistari ya mishono kwa kipande chembamba cha sabuni, kile kinachobaki mtu akishaoga. Akaniambia maneno matatu: karatasi toa, mistari chora kwa sabuni, na ukimaliza ufue kwanza kabla hujampa mtu. Maneno matatu tu, jamaa zangu. Nikayavunja yote matatu.

Vifaa sikuwa navyo. Mafundi wenyewe wana mikasi na tepu na tondoo la kukinga kidole, mimi nilikuwa na boma. Sikuiba, na asiyeamini shauri yake: karani aliniruhusu kuchukua chochote kilichotupwa kwenye pipa la taka, na mimi ndiye niliyekuwa namwaga pipa. Nikapata makaratasi yaliyochapwa upande mmoja, nikayakata miraba. Nikapata pini zilizopinda, nikazinyoosha kwa meno. Nikapata vibanio vya karatasi vya kushikia vitambaa viwili wakati naunga, nikapata rula iliyovunjika kichwa, nikapata utepe mwekundu wa kufungia mafaili, nikasema huu utakuwa pindo. Kifuniko cha chupa ya wino kikawa tondoo langu. Nyumbani nikachukua sahani ya Bi Tatu ya kuchorea duara, na kipande cha mshumaa cha kupakia uzi usikatike. Vitambaa nikaomba mtaa mzima, kaniki, khaki, mifuko ya unga iliyofuliwa ikawa myeupe, na kila mwenye nguo iliyokufa akaniletea kama anayeleta maiti kwa mwosha.

Pasi ndiyo ilinishinda. Nikabuni yangu: jioni nikimaliza kufagia naiweka miraba ndani ya yale madaftari makubwa ya ofisini, asubuhi naikuta imenyooka kama ya dobi. Mpaka siku moja karani akanitangulia. Akafungua daftari mbele ya watu waliokuja na kesi ya mipaka ya shamba, na mraba wa khaki ukaruka ukamwangukia mlalamikaji mapajani.

"Saidi," akasema karani, bila kuinua sauti, "hii ni ofisi au ni kiwanda cha matandiko?"

"Ni ofisi, bwana."

"Basi mke wako mtafutie daftari lingine."

(Boma zima walikuwa wanajua. Siri ya mfagizi hukaa nje ya mlango.)

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Sabuni ilinikera. Nachora mstari, nikishona shibiri mbili mstari umepotea kwa jasho la mkono, narudi kuchora tena, na mimi nilikuwa mtu wa haraka, roho juu, kila nikimsikia mtu ametoka Marui moyo unapiga kwamba Mwajuma ameolewa. Ndipo nikaiona kwenye pipa: penseli ya karani, kipande cha urefu wa kidole, ile penseli ya ofisini isiyofutika. Nilikuwa naijua sifa yake. Ukiandika nayo, hata usugue kwa mkate, haitoki, ndiyo maana walikuwa wanaandikia mambo ya kudumu. Nikasema hii ndiyo dawa, mstari utakaa pale nilipouweka. Nikachora mistari yote kwa rula, ikatoka ya kijivu, myembamba, mizuri. Na kwa kuwa miraba ilikuwa mingi nikaipa namba nisichanganye mpangilio, na namba zangu zilikuwa kubwa, kwa sababu mwalimu alitufundisha kuandika mchangani kwa kidole, na mtu aliyejifunza mchangani hajui kuandika kidogo. Nikazitazama namba zile kwenye miraba myeupe, nikaona zinapendeza. Nikasema ziache, wakwe waone kwamba huyu anajua kusoma.

Jambo moja lilinipita puani. Karani yule, kila akitaka kuandika, aliilamba penseli kwanza, na ulimi wake na mdomo wa chini vilikuwa vya zambarau Januari hadi Desemba. Nikawa nawaza, huyu bwana zambarau anazipata wapi wakati wa kiangazi? Nikamwonea wivu. Hapo ndipo akili yangu iliishia.

Karatasi nazo sikuzitoa. Nilizitoa za safu ya kwanza, kucha zikauma, nikasema kumbe zinaufanya mfarishi usimame vizuri, nikaziacha. Kufua sikufua, maana sufi ikilowa inakaa juma zima haijakauka, na Mzee Kondo alikuwa ametangaza maulidi kwake Jumapili, na Bi Tatu akasema, "Peleka siku hiyo, watu wote wakuone." Mama Shirini nilimkwepa. Siku ya mwisho akaniita kutoka barazani:

"Saidi, umefua?"

"Nimefua, Mama."

Nilinunua kwake chupa mbili za marashi za kuchangia maulidi, nikaondoka mbio.

Jumapili alfajiri nikauviringisha mfarishi ndani ya mkeka, nikaufunga nyuma ya baiskeli, nikashika njia ya Marui. Mawingu yalikuwa yametanda na mimi nikawa napiga pedali natazama juu, namwomba Mungu mvua isinyeshe, nikihofia sufi. Mungu akanikubalia, halikuanguka hata tone. Maji niliyatia mwenyewe.

Nilipofika uwanja ulikuwa umefagiwa, mikeka imetandikwa chini ya turubai, masufuria yanatokota upande wa jikoni, na Bi Tatu yuko na kina mama tangu jana. Nikamwendea Mzee Kondo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndio wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Na hicho?"

Nikaufungua. Watu wakasogea. Miraba myeusi na myeupe na ya khaki, duara la sahani katikati, pindo jekundu la utepe. Akaushika, akaugeuza, akavuta mshono kwa kucha, haukufumuka. Akauliza nani kashona, nikasema mimi. Akauliza nani kakusaidia, nikasema hakuna mtu (na kweli hakuna mtu, ni vitu tu). Hakusifu. Akasema tu, "Watandikieni wazee hapa," na huo mfarishi wangu ukawekwa mahali pa heshima, na Adhuhuri iliposaliwa wakaukalia wanne: Maalim aliyekuja kusoma, Mzee Kondo mwenyewe, na ndugu zake wawili. Wote kanzu nyeupe, zimefuliwa kwa buluu, zinawaka. Nikatupa jicho jikoni nikamwona Mwajuma ameshika mwiko, anatazama mfarishi, hanitazami mimi. Nikajiona nimeshaoa.

Walipokaa tu, ukalia. Kwaru, kwaru. Makaratasi ya boma. Maalim akajisogeza, kwaru. Mzee Kondo akajisogeza, kwaru kwaru. Jikoni alikuwepo Mzee Masanja, Mnyamwezi aliyehamia Marui tangu ujana, mtani wa Wazaramo wote wa pale, na mtani mnamjua, mdomo wake hauna mlango.

"Mzee Kondo," akaita kutoka kwenye masufuria, "umekalia tandiko au umekalia kuku anayelalia mayai?"

"Koroga wali, Mnyamwezi."

"Nakoroga. Lakini kikianguliwa kifaranga, kimoja changu."

Watu wakacheka, si vibaya, cheko la utani. Maalim akaanza kusoma, sauti nzuri, na mimi nikatulia kidogo, mpaka nikamwona ndugu mmoja wa Mzee Kondo ameruka kama aliyeumwa na siafu, akapapasa chini yake, akatoa pini. Akaitazama. Akanitazama. Akaichomeka kwenye mkeka. Nikawa siwezi kukaa, natafuta kazi ya kufanya, chochote kile.

Kazi ikaja. Walipofika mahali pa kusimama, pale ambapo watu wote husimama kumsalia Mtume na marashi hurushwa, aliyeandaliwa kurusha alikuwa mzee mmoja anatetemeka mikono, nami nikamwahi nikautwaa mrashi, kile chombo cha kunyunyizia. "Niachie mimi, mzee wangu." (Hakuniomba. Hakuna aliyeniomba.) Nikapita safu kwa safu, namwagia mabegani, viganjani, vichwani, na nilipofika kwa wazee wanne nikawazidishia, na kwa kuwa walikuwa wamesimama na mfarishi uko wazi nyuma yao, nikasema nao unukie. Nikaurushia mara tatu. Mrashi ukapungua, nikamalizia chupa yenyewe.

Wakakaa.

Nilirudi mahali pangu nyuma yao, na hapo nikaona. Kwenye ukingo wa mfarishi, mraba mweupe ambao haujakaliwa, mstari mmoja wa kijivu ulikuwa unabadilika. Kwanza samawati, halafu zambarau, halafu ukaanza kunenepa, polepole, kama mtu anayekasirika bila kusema. Ukafuatiwa na wa pili. Namba tatu iliyokuwa pembeni ikavimba. Hapo ndipo nikauelewa ule mdomo wa karani: penseli ile ikilowa hugeuka wino.

Mtu mwenye akili angesema pale pale. Mimi nikachukua leso, nikaichovya kwenye birika la kunawia, nikainama nikasugua mstari ufutike. Maji yakautawanya hadi kwenye pindo, na utepe mwekundu nao ukaona usibaki nyuma, ukaanza kutoa rangi yake. Leso ikawa ya zambarau, vidole vikawa vya zambarau, nikaficha mikono kwapani. Kichwani likanijia wazo moja tu: wazee hawa wasisimame. Wakiendelea kukaa hakuna atakayeona. Basi nitawakalisha.

Maulidi yakaisha, sinia zikaanza kutoka, Mzee Kondo akataka kuinuka asogee penye kivuli.

"Kaa, mzee wangu," nikamwambia, "usijisumbue. Chakula kitakufuata."

Nikawaletea sinia. Nikawaletea maji ya kunawa, na kwa haraka yangu beseni likamwagika, lilimwagikia wapi, hamna haja ya kuniuliza. Maalim akasema joto, nikakamata pepeo nikampepea. Ndugu wa pini akataka kwenda kutema tambuu, nikamkimbilia na kopo. Nilikuwa nazunguka wale wanne kama nyuki, na kila nilivyozunguka Mzee Kondo alizidi kulegea uso, mpaka akamwambia Maalim, nami nasikia:

"Huyu kijana nilimdharau. Tazama adabu yake."

"Siku hizi hawapatikani," akajibu Maalim.

"Baada ya Alasiri nitasema neno langu mbele ya watu wote."

Nikalisikia neno nililolingoja miezi minne, na sikuwahi kusikia neno baya kama lile, kwa sababu kabla ya neno palikuwa na Alasiri, na Alasiri mtu haisali amekaa. Kadiri alivyonisifu ndivyo alivyozidi kukandamiza ile penseli kwa uzito wake wote, na jasho na wali wa moto juu yake.

Akaadhiniwa. Wakasimama. Wao wakaenda mbele, kama kawaida ya wazee, Maalim akatangulia kusalisha, na sisi tukapanga safu nyuma yao, watu karibu themanini, na bahati yangu ikaniweka nyuma ya Mzee Kondo hasa. Wakiwa wima kanzu iliningʼinia mikunjo, ukaonekana uchafu tu, nikajipa moyo. Tukaenda kwenye rukuu. Kitambaa kikavutika.

Wavu mzima ulikuwepo, miraba yote, mistari yote ya rula, ya zambarau iliyoiva, na katikati yake namba. Namba nyingine zilikuwa zimejigeuza hazisomeki, lakini nane haijali kugeuzwa. Nane ilikuwa palepale makalioni pa Mzee Kondo, kubwa, ya kuandikwa mchangani.

Nilisikia safu yangu inatetemeka. Si kilio. Jirani yangu wa kulia alikuwa anapumua kwa pua kama ng'ombe anayekunywa, wa kushoto akakohoa kikohozi cha uongo, nyuma kabisa kuna mtu alishindwa akatoka kwenye sala anakimbia na kanzu mdomoni. Na rakaa ni nne, jamaa. Rukuu nne. Tulipokwenda sijda mimi nilitamani ile sijda isiishe hadi kiama, na Mungu anisamehe, sikumwomba pepo siku ile, nilimwomba nyumba yangu ya Kisarawe.

Wakatoa salamu. Hakuna aliyethubutu kucheka, kila mtu anatazama vidole vyake vya miguu. Ila jikoni palikuwa na mtani.

"Mzee Kondo," akasema Masanja taratibu, ameegemea mwiko, "nauliza kwa uzuri tu. Kwetu ng'ombe huandikwa namba wakienda mnadani. Wewe ni wa nane. Wale saba wako wapi?"

Uwanja ukapasuka. Wanawake wakaangukiana mabegani, wazee wakashikilia nguzo za turubai. Mzee Kondo akajizungusha kutazama mgongo wake, na mtu hawezi kuona mahali pale, akawa anazunguka na mgongo unazunguka naye. Ndugu yake akamcheka, akaambiwa, "Unacheka nini, wewe una wavu wa samaki." Maalim akaivuta kanzu yake mbele, akaiona, akakaa chini.

Mzee Kondo akaacha kuzunguka. Akanitazama, na vicheko vikafa vyenyewe.

"Saidi. Hii ni nini?"

"Penseli, mzee."

"Penseli ya nani?"

"Ya boma."

Akauokota mfarishi kwa ncha ya pindo. "Na huu utepe?"

"Wa boma."

Akauchana pembe moja kwa kisu cha tambuu, makaratasi yakamwagika. "Na haya?"

"Ya boma, mzee."

"Na pini ya ndugu yangu?"

Nikaitazama ile pini pale kwenye mkeka.

"Nilikuambia uniletee kitu chako. Umeniletea Serikali, nimeikalia, nayo imeniandika namba. Humu ndani chako ni kipi?"

Nikafikiri sana. Nikamwambia ukweli. "Uzi, mzee. Uzi niliununua."

"Basi chukua uzi wako uende."

Niliondoka mbele ya watu wote wale, nasukuma baiskeli, na mfarishi nikauacha pale chini. Bi Tatu alibaki nyuma yangu hatua kumi njia nzima, hakusema neno hadi Kisarawe, na Bi Tatu kunyamaza ni msiba mkubwa kuliko matusi.

Siku ya tatu nikamtuma aniletee zile kanzu nne nizifue. Nikazisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu, nikazianika, nikazisugua tena hadi nyuzi zikaanza kuachana. Mistari ilipauka kidogo ikawa kama mishipa ya mkono wa mzee. Nane haikutikisika. Ndiyo sifa yake, nilikuwa naijua.

Nikaenda kwa Mama Shirini, nikamwonyesha. Safari hii hakucheka.

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya, Mama."

"Sabuni ni mjinga," akasema. "Inapotea, lakini haimdhuru mtu. Wewe ulitaka kitu kisichopotea."

Nikauza baiskeli, nikapata jora la bafta, kitambaa cheupe cha kanzu, nikamwambia anifundishe kanzu. Miezi miwili nilikaa kwenye cherehani yake kila nikitoka bomani, nakata, nashona, nafumua, kidole kimoja sindano ilikipita kikatoka upande wa pili, na hakuna pini ya boma wala kibanio wala rula iliyoingia pale barazani. Mistari yote nilichora kwa sabuni aliyoogea Bi Tatu. Nikamaliza nne. Nikaenda Marui kwa miguu.

Mzee Kondo alikuwa anamenya mihogo, Masanja yuko pembeni yake kama kawaida ya watani, hawaachani. Nikasalimu, nikaweka kanzu juu ya mkeka, nikasimama. Akachukua yake, akaigeuza ndani nje, akatazama mshono wa kwapa, mshono wa shingo, akaupima kwa gumba.

"Humu boma limetoa nini?"

"Halikutoa kitu."

Akavua shati, akaivaa. Akaenda kusimama katikati ya ua, jua linawaka.

"Mwajuma. Leta maji."

Mwajuma akatoka na ndoo na kata. Akasita.

"Nimwagie wapi, baba?"

"Mgongoni. Na kule chini."

Akammwagia baba yake kata ya kwanza, ya pili, ya tatu, maji yanachuruzika, kanzu imemganda mwilini, na Mzee Kondo amesimama wima kama anayepimwa jeneza, na Masanja ameinama nyuma yake mikono magotini, anachungulia.

"Ngoja," akasema Masanja. "Labda inakuja."

Mwajuma akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilikisikia kicheko chake. Haikuja.

"Mwambie shangazi yako aje Ijumaa," akasema Mzee Kondo, na akarudi kwenye mihogo yake na kanzu ikiwa mbichi.

Jina la Bwana Nane lilinishika hadi leo, Kisarawe nzima hadi Visiga, na kuna watu wananiita hivyo ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa siku ile. Na mimi nilipoacha fagio nikawa fundi cherehani niliapa, na kiapo sijakivunja: sitachora juu ya nguo ya mtu kwa kitu ambacho sijakilowesha kwanza, na fundi wangu yeyote nikimkuta na penseli ya aina yoyote sikioni, kazi hana. Ndugu zangu, kitu kisichofutika ni kizuri kwenye kesi ya shamba. Kwenye mambo mengine yote tumieni sabuni.

Leo nina nyumba ya bati Kisarawe, vyumba sita. Nina kibanda cha biashara Visiga, barabarani. Nina shamba la mikorosho Marui, nusu nilirithishwa na Mzee Kondo mwenyewe, nusu nilinunua. Nina redio, vitanda vinne, mbuzi kumi na mmoja. Nina watoto sita na mke mmoja, Mwajuma. Nina vyerehani saba. Cha nane watu wanangoja ninunue ili wacheke, na sitawapa raha hiyo.

Na nina mfarishi. Siku niliyouacha uwanjani Mwajuma aliuokota, akaitoa karatasi moja moja, akaufua, akauficha chini ya kitanda cha mama yake, akaja nao kwenye sanduku siku ya harusi. Ni wa zambarau wote sasa, namba hazisomeki isipokuwa moja. Huo ndio ninaolalia.